KIWETE, PUNDA WAKE NA SHAMBA LAKE

Masomo: 2 Samweli 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30. Luka 10:30-37.



Katika mafundisho haya tunataka kusema juu ya mambo matatu: mtu mwenye kulemaa, mnyama anayembeba, na fasi anapopokelewa. Wengi wetu tunafikiri ni mambo mbalimbali. Lakini Neno la Mungu linayaweka pamoja, na linatuonyesha kwamba ukiondoa moja, mengine mawili yanaanguka. Tutatazama kwanza maisha ya Mefiboshethi. Kisha tutasikia habari ya mji mmoja wa Uingereza, ambako mwaka 2021 watu walisimama pamoja ili watoto wenye kulemaa wasipoteze fasi ya kupanda farasi. Mwisho tutarudi kwetu, maana mafundisho yasiyofika nyumbani ni maji yaliyomwagwa njiani.

1. MTOTO ALIYEANGUKA

Mefiboshethi alikuwa mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Saulo. Alipokuwa na miaka mitano, habari ya kifo cha baba yake ilifika kutoka vitani. Mlezi wake akamchukua, akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4).

Tuangalie vizuri, wapendwa. Mtoto huyu hakuzaliwa kiwete. Hakulogwa na shangazi, wala hakubeba laana ya ukoo. Vita ndiyo iliyomvunja. Wamama wa Kivu na wa Ituri waliokimbia usiku na mtoto mgongoni hawahitaji mtu wa kuwafasiria mstari huu.

Basi Mefiboshethi akakulia Lodebari, katika nyumba ya Makiri, akiishi kwa hisani ya watu. Siku ambayo mfalme Daudi alikumbuka agano lake na Yonathani, alimwita akamwahidi mambo mawili. La kwanza, kumrudishia mashamba yote ya Saulo. La pili, kumkalisha mezani pake siku zote. Angalieni utaratibu huo: shamba limetajwa mbele ya meza. Daudi alijua kwamba kumlisha kiwete leo, bila kumpa fasi yake, ni kumfanya aombe tena kesho.

Na shamba lile halikuachwa bila wafanyakazi. Siba, wana wake 15 na watumishi wake 20 waliagizwa kulilima. Ni watu 36 kwa ajili ya kiwete mmoja. Hakuna fasi katika Biblia ambapo Daudi alilalamika kwamba hesabu hiyo ni kubwa mno.

2. MNYAMA ANAYEKUWA MIGUU

Katika sura ya 19 Mefiboshethi mwenyewe anasema mbele ya mfalme kwamba alitaka kutandika punda apande, kwa sababu yeye ni kiwete. Neno hili tunalipita haraka, lakini lina maana kubwa. Kwa mtu mzima wa miguu, punda ni msaada wa safari. Kwa kiwete, punda ndiye miguu yenyewe.

Katika wakati wetu watu wamejifunza jambo hilo kwa namna mpya. Huko Denmark alikuwako mama mmoja, Lis Hartel, mpanda farasi hodari. Mwaka 1944, akiwa na mimba, alishikwa na polio. Mtoto alizaliwa mzima, lakini miguu ya mama, kuanzia magotini kwenda chini, ilibaki imepooza. Wengi wangesema: imekwisha. Yeye akarudi kwa farasi wake. Katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, mwaka 1952, ilibidi watu wamsaidie kupanda na kushuka, lakini akiwa juu ya farasi alishinda medali ya feza. Mwaka 1956 akaipata tena. Habari yake iliwafungua wengi macho, na kazi ya kuwapandisha farasi watu wenye kulemaa ikaenea. Mwaka 1969 Waingereza waliunda shirika la kazi hiyo, na mwaka uleule Wamarekani wakaunda la kwao.

Farasi anasaidia namna gani? Anapotembea polepole, mgongo wake unakwenda juu na chini, mbele na nyuma, na pembeni. Kiuno cha aliyeketi juu yake kinafuata mwendo huo, na mwendo huo unafanana sana na wa mtu anayetembea kwa miguu yake. Hivyo mtoto ambaye hajapiga hatua hata moja anapata mgongoni pa farasi somo la kutembea. Nyama za tumbo na za mgongo zinafanya kazi ili asianguke. Kichwa kinasimama. Mikono iliyokazana inaanza kulegea. Na mtoto ambaye siku zote watu wanamtazama kutoka juu, siku ile yeye ndiye anayewatazama kutoka juu. Furaha hiyo nayo ni dawa.

Lakini tusiongeze chumvi. Farasi haondoi polio, wala harudishi mshipa uliokufa. Anasaidia mwili na kutia moyo. Sisi ambao katika makanisa yetu tunawaombea wagonjwa tusione haya kusema hivyo. Maombi na kazi ya mikono havigombani. Bwana Yesu alimfufua binti Yairo, kisha akaagiza apewe chakula (Marko 5:43). Muujiza umekwisha, kazi ya mama wa jikoni inaanza.

Tena kazi hii inataka watu na mali. Kwa mtoto mdogo mmoja, mara nyingi mtu mmoja anaongoza farasi na wengine wawili wanatembea pembeni, huku na huku. Farasi wa kilo 500 anakula karibu kilo 10 za majani makavu kwa siku, na maji anayokunywa yanapita ndoo nzima. Kwato zake zinakatwa kila juma la sita au la nane. Anataka banda, anataka kiwanja, na kiwanja hicho kiwe karibu na nyumba za watoto, maana mzazi wa mtoto asiyetembea hawezi kusafiri mbali kila juma. Hapo tunaona upande dhaifu wa kazi hii. Farasi anapatikana, watu wa kujitolea wanapatikana, watoto wako wengi. Kinachokosekana ni udongo.

3. HABARI YA TEDDINGTON

Teddington ni mji ulio upande wa kusini-magharibi wa London. Hapo, katikati ya nyumba za watu, kulikuwa na mabanda ya farasi yaitwayo Park Lane Stables, ambapo watoto na watu wazima wenye kulemaa walikuja kupanda. Lupango haukuwa mali yao, walikuwa wapangaji. Wakati wa ugonjwa wa Covid, watu walipofungiwa nyumbani, watumishi wa fasi hiyo walichukua farasi wadogo wakawapeleka mpaka kwenye madirisha ya watu waliokaa peke yao, ili wapate kufurahi kidogo. Kama mtoto hawezi kufika kwa farasi, farasi na afike kwa mtoto.

Ndipo shida ikawapata. Mkataba wa kupanga ulikuwa unafikia mwisho na mwenye mali alitaka kuuza. Ili wasiondolewe, ilibidi wapate pauni milioni moja, na muda ulikuwa mfupi. Fikirini, wapendwa: kazi ya watu wasio na mali, wakati ambapo maduka yalifungwa na wengi walikuwa wamepoteza kazi. 

Watu walifanya nini? Hawakungoja tajiri mmoja. Walitangaza shida yao wazi, wakataja kiasi kamili, na maelfu ya watu wakatoa. Kabla mwezi wa pili wa mwaka 2021 haujaisha, michango ilikuwa imevuka pauni milioni moja.

Hatusemi kwamba feza inamaliza kila taabu. Kukusanya ni jambo moja, na kuukamata udongo ni jambo lingine, maana udongo una mwenyewe, una bei, una karatasi. Lakini jambo hili limeonekana wazi: watoto wale walijua kwamba mji wao hautaki waondoke. Mtoto mwenye kulemaa anasikia kila siku, kwa maneno au kwa macho ya watu, kwamba yeye ni mzigo. Siku ile maelfu ya watu walimjibu kwamba yeye ni wao.

Labda mmoja wetu atauliza: wakati wa ugonjwa mkubwa namna ile, kwa nini kutoa feza nyingi kwa ajili ya farasi? Kumbukeni kwamba swali kama hilo liliulizwa Bethania, juu ya marhamu ya Maria (Yohana 12:4-6), na aliyeliuliza hakuwa na huruma kwa maskini. Feza ile haikutolewa kwa ajili ya farasi. Ilitolewa ili mtoto asifukuzwe fasi ambapo mwili wake unapata kunyooka.

4. NENO LA SIBA

Turudi sasa kwa Mefiboshethi, maana kuna somo chungu. Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba alimjia njiani na punda wawili waliotandikwa, na mikate 200, na zabibu, na matunda, na divai. Kisha akamsingizia bwana wake kwamba amebaki mjini akitaka ufalme. Daudi alisikia upande mmoja tu, na palepale akampa Siba mashamba yote ya kiwete.

Wapendwa, hivi ndivyo fasi ya wanyonge inavyopotea. Haipotei kwa vita tu. Inapotea kwa neno moja mezani pa mkubwa, wakati mwenyewe hayuko, kwa sababu hana miguu ya kufika. Aliyekuwa amekabidhiwa kulima shamba la kiwete ndiye aliyelichukua. Na punda ambao wangeweza kumfikisha kiwete kwa mfalme walikuwa wamegeuzwa zawadi ya kumfunga mfalme macho.

Mefiboshethi alipofika mwisho, na mfalme akaamua shamba ligawanywe nusu kwa nusu, alijibu kwamba Siba achukue lote, maadamu mfalme amerudi kwa amani. Wengine wanapenda kuhubiri neno hilo ili maskini wanyamaze. Sivyo. Uvumilivu wa Mefiboshethi ni sifa yake yeye. Si ruhusa kwa jirani kutazama tu anaponyang'anywa. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 27, mstari wa 17 unamlaani mwenye kusogeza mpaka wa jirani yake, na mstari wa 18 unaofuata mara moja unamlaani mwenye kumpoteza kipofu njiani. Mungu aliweka mpaka wa shamba na mtu mwenye kulemaa mlango kwa mlango.

Sisi wa makanisa ya manabii katika inchi hii tunajua maana ya kuondolewa. Mwaka 1921 serikali ya wakoloni Wabelgiji ilimkamata Simon Kimbangu, naye akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Wafuasi wake wengi waliondolewa vijijini mwao wakapelekwa mbali sana na kwao, na kanisa lao halikutambuliwa na serikali mpaka mwaka 1959. Wazazi waliofukuzwa namna hiyo hawakutuzaa ili tumwone mnyonge akifukuzwa tukafunga dirisha.

5. FARASI WETU NI NANI?

Mtasema: hapa kwetu farasi wako wapi? Ni kweli. Katika sehemu kubwa ya Congo mbung'o ameleta ugonjwa unaowaua farasi, kwa hiyo watoto wengi wa inchi hii hawajamwona farasi ila kwa picha. Lakini kiwete wetu naye ana punda wake. Ni kinga cha magurudumu matatu anachosukuma kwa mikono. Ni magongo. Ni chumba kidogo ambapo dada mmoja anamnyoosha mtoto miguu kila juma. Ni mashini ya kushona ambayo kijana asiye na miguu amejifunza kuiendesha kwa mkono. Na vitu hivyo vyote vimesimama juu ya lupango wa mtu. Siku mwenye lupango anapouza, kinga kinabaki barabarani.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa makanisa, wamama na vijana washike mambo haya matano.

La kwanza, karatasi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo ni mali ya leta, na kwamba haki ya kuukaa inathibitishwa na sertifika ya kuandikisha udongo. Neno la mdomo la ndugu mwema ni jema maadamu yuko hai. Akifa, watoto wake watauliza karatasi. Kama kanisa lina lupango ambapo watu wenye kulemaa wanasaidiwa, tusikae na muhuri wa chifu wa kartie peke yake. Tufuate kazi hiyo kwenye ofisi ya udongo mpaka sertifika itoke.

La pili, kama tumepanga, mkataba uandikwe, na siku ya mwisho wake ijulikane na watu wote wa kamati. Tusingoje barua ya kuondoka ndipo tuanze kutafuta. Tena tusimtukane mwenye lupango. Anayo haki juu ya mali yake. Twende kwake mapema, kwa heshima, tuulize bei, tuombe muda.

La tatu, wenye kulemaa wenyewe wakae katika kamati na waseme. Mefiboshethi aliposema kwa kinywa chake, mfalme aligeuza hukumu yake, ingawa kwa nusu tu. Angesikiwa mapema, asingepoteza hata hiyo nusu.

La nne, sadaka ndogo za watu wengi, tena zenye hesabu wazi. Franka ya mama anayeuza sombe ina thamani yake pale inapoandikwa kwenye daftari na kusomwa mbele ya kanisa. Watu hawachoki kutoa. Wanachoka kutoa bila kujua feza imeenda wapi. Taja kiasi kinachohitajika, taja kilichopatikana, taja kilichobaki.

La tano, miguu ya vijana. Si wote wenye feza. Lakini mtoto mmoja juu ya farasi alihitaji watu watatu wa kutembea naye. Hapa kwetu kuna mtoto anayehitaji mtu wa kusukuma kinga chake mpaka kanisani, mtu wa kumchotea maji, mtu wa kukaa naye mama akienda sokoni. Mwimbaji wa kwaya anayemaliza mazoezi na kumsukuma mtoto huyo mpaka nyumbani ameimba ubeti mmoja zaidi.

6. MNYAMA, NYUMBA NA DINARI MBILI

Tumalize na Msamaria. Katika Luka 10 alimwona mtu aliyeachwa nusu mfu, akamhurumia, akamfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake. Wengi wetu tunasimama hapo tukisema: tazama upendo! Lakini habari haikuishia juu ya mnyama. Mnyama alimfikisha kwenye nyumba ya wageni. Kama nyumba ile ingekuwa imefungwa, kama mwenyeji angekuwa amefukuzwa wiki iliyopita, yule mgonjwa angezungushwa njiani mpaka afe, na huruma yote ya Msamaria ingekuwa kazi bure.

Msamaria akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Hakusema: mimi nimefanya sehemu yangu. Alijua kwamba kidonda kina siku zake, na mwenye nyumba ana gharama zake. Huruma yake ilikuwa na mnyama, ilikuwa na nyumba, ilikuwa na feza ya leo na ahadi ya kesho.

Basi, wapendwa, juma hili kila mkusanyiko ujiulize maswali mawili. Ni nani kati yetu asiyeweza kufika kwa miguu yake? Na fasi anaposaidiwa, karatasi yake iko mkononi mwa nani? Kama jibu la swali la pili halijulikani, kamati ikutane kabla ya ibada ya Siku ya Bwana inayofuata, iandike majina, ihesabu kinachokosekana, na iseme mbele ya watu wote.

Bwana Mungu wetu, uliyemkumbuka mtoto wa Yonathani huko Lodebari, ukumbuke watoto wetu walioanguka wakati wa kukimbia. Uwape miguu wale ulioamua kuwapa, na wale unaowaacha na magongo uwape ndugu wa kutembea pembeni yao. Linda mipaka ya wanyonge. Fungua mikono yetu kabla barua ya kuondoka haijafika. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyeingia Yerusalemu juu ya punda wa kuazimwa. Amina.

Amani ya Bwana ikae nanyi.